Udongo Mwekundu Chini ya Kijani

Anayetaka kuchora mashamba ya mananasi ya Thika hukosea mapema sana, pale anapofungua tyubu ya rangi ya kijani. Lugha ndiyo iliyompotosha. Kijani ni neno moja tu, nalo limetoka kwenye jani, kama kahawia ilivyotoka kwenye kahawa, kijivu kwenye jivu na zambarau kwenye tunda. Kiswahili hupenda kuipa rangi jina la kitu, na mtu akishalipokea jina huacha kutazama. Jani la nanasi lina ungaunga wa kijivu upande wa chini, wekundu wa kutu kwenye ncha zilizochomwa na jua, na linapoielekea anga hubeba buluu mgongoni. Kati ya mstari na mstari kuna udongo mwekundu uliojaa chuma, na mistari yenyewe huenda mbali hadi jicho lishindwe kutenga jani na udongo. Kule mwisho, chini ya Kilimambogo, kinachoonekana ni rangi isiyo na jina katika kamusi yoyote. Ninachodai hapa ni kwamba rangi hiyo haikorogwi ndani ya sahani ikatoka. Hupatikana kwa kulaza nyekundu chini, kisha kupiga kijani cha kijivu juu yake kwa mapigo ya brashi yaliyoachwa wazi, jicho la mtazamaji limalize kazi lenyewe. Tena nadai kwamba ukanda wa Ruiru hadi Thika, ambao wengi wanaujua kwa foleni tu, unaidai mbinu hii kuliko mbuga yoyote iliyokwisha kuchorwa mara elfu kwa ajili ya mtalii.

Mbinu hiyo ilipata jina lake kwa kejeli. Mwezi Aprili 1874 kundi la wachoraji lilionyesha kazi zake jijini Paris katika iliyokuwa studio ya mpiga picha Nadar, na mhakiki Louis Leroy akachukua jina la picha ya Claude Monet ya bandari ya Le Havre alfajiri akalifanya dhihaka: impresioni, yaani taswira ya kupita, kitu kisichokamilika. Nyuma ya dhihaka hiyo kulikuwa na mambo mawili yasiyo na makeke. La kwanza ni tyubu ya bati, ambayo Mmarekani John Goffe Rand aliipatia hataza mwaka 1841. Kabla yake rangi ya mafuta iliwekwa katika vibofu vya nguruwe na haikusafirishika kwa urahisi, ndiyo maana mandhari nyingi zilimaliziwa ndani ya nyumba. La pili ni ugunduzi wa mkemia Michel Eugène Chevreul, aliyekuwa akisimamia upakaji rangi wa nyuzi katika karakana za mazulia ya ukutani za Gobelins. Watu walilalamika kwamba nyuzi nyeusi zilikuwa hafifu, naye akaona kwamba weusi haukuwa na ila yoyote. Tatizo lilikuwa rangi zilizokaa jirani yake. Kitabu chake cha mwaka 1839 kilieleza jinsi rangi mbili zikiwekwa bega kwa bega zinavyobadilishana sura, na jinsi nyekundu na kijani zinavyochocheana kuliko jozi nyingine nyingi. Mwenye shaka na aende Ruiru baada ya mvua ya Aprili, atazame kichaka cha kahawa kilichosimama juu ya udongo uliolowa. Wekundu huwaka kwa sababu ya kijani, na kijani huwaka kwa sababu ya wekundu.

Kuna jambo jingine katika lugha linalostahili kusemwa. Tunamwita mtu huyu mchoraji, na kuchora kwa asili ni kukata alama kwenye mti au jiwe. Neno limeegemea mstari. Darasani mtoto hufundishwa kuchora nyumba kwa penseli, kuzungushia mti kamba ya mstari, kisha kujaza rangi ndani bila kutoka nje, na akitoka nje hukatwa alama. Si kasoro kwa kila sanaa. Edward Saidi Tingatinga na waliomfuata Dar es Salaam walijenga uzuri mkubwa kwa kingo safi na rangi ya kung'aa ya makopo juu ya ubao, na hakuna sababu ya kuwataka wafanye vingine. Lakini mnyama ana ukingo, na shamba halina. Mtu aonyeshwe mahali ambapo majani ya mgrevilea yanaishia na anga inaanzia, au mahali ambapo vumbi la barabara ya Gatuanyaga linaacha kuwa vumbi na kuwa hewa. Mandhari ya aina hii ikifungwa kwa mstari inakuwa ramani. Inataka kuanzwa kwa doa la rangi, doa lifuate doa, hadi ukingo utokee wenyewe pale rangi mbili zinapogusana.

Pingamizi linalotangulia ni kwamba haya ni mambo ya Wafaransa, ya maua ya majini na mabibi wenye miavuli, na huku Kiambu, kaunti ya Ruiru na Thika, hayana kazi. Anayesema hivyo amewajua wachoraji hao kupitia kalenda. Monet alihamia Argenteuil mwishoni mwa 1871 akakaa hadi 1878, na Argenteuil haikuwa shamba wala jiji. Ulikuwa mji wa pembezoni, karibu na Paris, ambao reli iliufikia katikati ya karne na kuuletea viwanda, madaraja ya chuma na watu wa jiji waliokuja kupunga hewa Jumapili. Camille Pissarro alichora kiwanda karibu na Pontoise mwaka 1873, bomba la moshi likiwa limesimama pale pale mtoni, hakulificha nyuma ya mti. Mwaka 1877 Monet aliingia kituo cha Saint-Lazare kuchora mvuke wa garimoshi. Sanaa hii haikuzaliwa porini. Ilizaliwa mahali ambapo jiji linayala mashamba, na wachoraji walihitaji mkono wa haraka kwa sababu walichokuwa wakikitazama hakikuwa kimetulia. Sasa tuitazame Ruiru. Sensa ya mwaka 2009 iliukuta mji huo na watu takriban 239,000; ile ya 2019 ikawakuta zaidi ya 490,000. Katikati ya sensa hizo mbili, mwaka 2012, upanuzi wa barabara kuu ya Thika ulikamilika na kuifupisha safari ya kwenda Nairobi, angalau siku ambazo hakuna ajali. Mji mpya wa Tatu City unajengwa kwenye ekari 5,000 zilizokuwa za kahawa. Mbele kidogo ni Thika yenyewe, ambayo kwa miaka mingi imepachikwa jina la Birmingham ya Kenya kwa ajili ya viwanda vyake. Tukitafuta ndugu wa Argenteuil Afrika Mashariki, hatutampata Maasai Mara. Tutampata hapa, kati ya kituo cha utafiti wa kahawa kilichotoa mbegu ya Ruiru 11 mwaka 1985 na maghorofa yanayoota pale mikahawa ilipong'olewa.

Kwa upande wa utendaji, fundi wa kupaka nyumba rangi anajua zaidi ya anavyodhani. Anajua andakoti. Anajua kwamba ukuta usiopigwa andakoti utamsaliti, na kwamba rangi ya chini huathiri ya juu hata kama mwenye nyumba haioni. Mchoraji wa Thika aanzie hapo hapo. Achukue amerikani, kile kitambaa cha pamba kisichopaushwa, akivute kwenye fremu ya mbao na kukipaka gundi kwanza, kwa sababu rangi ya mafuta ikigusa pamba tupu huzila nyuzi polepole. Kisha andakoti yake isiwe nyeupe. Wafaransa wengi wa kundi lile walipenda msingi mweupe au wa rangi hafifu kwa sababu walikuwa wakisaka nuru katika nchi ya mawingu. Sisi nuru tunayo ya kumwaga, kinachotuponyoka ni joto la ardhi. Andakoti ya hapa iwe ya udongo, ule wekundu wa matofali unaobaki kwenye viatu vya mtu aliyetoka Juja wakati wa mvua. Wala si lazima aununue kwa bei ya dukani, kwani wekundu wa udongo huo unatokana na oksidi ya chuma, kitu kilekile kinachotia wekundu kwenye tyubu nyingi za rangi za udongo. Ukichekechwa, ukaoshwa na kusagwa pamoja na gundi ya akriliki, unapakika vizuri tu.

Juu ya wekundu huo yafuate matabaka, na mpangilio wake una sababu. Kwanza hulazwa vivuli kwa rangi nyepesi iliyozimuliwa, na hapa tyubu nyeusi ibaki ndani ya mfuko. Kivuli cha mkahawa saa nne asubuhi kina zambarau na buluu, kwa sababu kinachokiangazia ni anga, na zambarau hiyo ikipita juu ya andakoti nyekundu hupata kina ambacho nyeusi haiwezi kukitoa. Kisha huja rangi za kati, kwa mapigo mafupi yenye nafasi, na nafasi hizo ndizo zinazoruhusu udongo upumue. Mwisho kabisa ndio nuru, nene, iliyobebwa kwa wingi kwenye brashi bapa na kuachwa pale ilipotua. Anayetumia mafuta akumbuke kila tabaka liwe na mafuta zaidi ya lililotangulia, la sivyo la juu hukauka kabla ya la chini na picha hupasuka kama matope ya kiangazi. Anayetumia akriliki ana bahati na shida kwa pamoja: chini ya jua la Thika tabaka hukauka kwa dakika chache, kwa hiyo anaweza kupiga matatu katika kikao kimoja, lakini hapati muda wa kulainisha rangi mbili zikiwa bado mbichi asipokuwa na chupa ya kunyunyizia maji. Katika mbinu hii shida hiyo si kubwa, maana kulainisha ndiko kunakoua picha.

Mapigo nayo hayafanani, na hapo ndipo mkono wa mchoraji unapojulikana. Shamba la mananasi linataka mapigo yanayofuata mistari, marefu karibu na mtazamaji na mafupi kadiri yanavyokwenda mbali. Jani la mkahawa lina mng'ao kama limepakwa mafuta, na upande wake wa juu hauonyeshi kijani hata kidogo jua likiwa kali. Ni doa jeupe lenye buluu, moja, lisiloguswa mara ya pili. Mabati mapya ni kipande cha anga kilichoanguka juu ya nyumba, mabati ya zamani ni udongo uliopanda juu, na yote mawili hutosheka na pigo moja pana. Kifabakazi kikichanua, vishawishi huwa vingi vya kumimina rangi ya chungwa hadi tyubu iishe. Madoa machache yaliyozungukwa na kijani kizito huwaka zaidi ya hayo mengi. Chevreul alikwisha kulieleza hilo kwa nyuzi za mazulia.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Wako wanaosema kwamba sanaa hii ni mtoto wa ukungu, wa mito ya kaskazini na mchana mrefu wa kiangazi, na kwamba karibu na Ikweta nuru ni kali na kavu, haina siri. Thika iko takriban digrii moja kusini ya mstari huo. Jua hupanda karibu wima na kushuka karibu wima, na ikishafika saa kumi na mbili na nusu jioni giza halisubiri mtu. Ni kweli kwamba Monet angeteseka: nuru aliyoizoea kudumu kwao hapa hupita upesi. Lakini jibu lake mwenyewe linatufaa. Alipochora mafungu ya nafaka mwaka 1890 na 1891 hakujaribu kuikimbiza nuru kwenye kanvasi moja. Alikuwa na kanvasi nyingi, na nuru ikibadilika alibadilisha kanvasi. Huku kwetu siku karibu zote zina urefu uleule mwaka mzima, kwa hiyo anayerudi Blue Posts kila siku saa moja asubuhi, pale hoteli iliyofunguliwa mwaka 1908 inapokaa kati ya maporomoko ya Chania na ya Thika, atakuta jua karibu mahali alipoliacha jana. Monet, kule Normandy, hakuwa na neema hiyo. Tena wanaodai kwamba hatuna ukungu hawajaamka mapema mwezi wa Julai, wakati wingu zito hulala juu ya Kiambu hadi karibu adhuhuri, Kilimambogo ikapotea na barabara kuu ikabaki safu ya taa ndani ya maziwa.

Hata adhuhuri ya Machi au ya Septemba, jua likiwa utosini, si tupu kama inavyodhaniwa. Kivuli hukusanyika chini ya mwembe kama maji kwenye beseni, na kila kitu juu yake huonekana bapa. Hapo wengi hufunga kisanduku na kwenda kula. Lakini jua linapopiga udongo mwekundu kwa nguvu hiyo, udongo huirudisha nuru juu. Matumbo ya majani hupata wekundu, upande wa chini wa paa hupata wekundu, hata kidevu cha mama anayeuza mahindi kando ya barabara hupata wekundu kutoka chini. Kivuli chetu kina wenye nyumba wawili, anga inayokipa buluu na ardhi inayokipa moto, na kukichora kwa rangi moja iliyolainishwa ni kumfukuza mmoja wao. Mapigo mawili yaliyopishana, baridi na joto, yanawaweka wote.

Pingamizi la tatu halihusu macho bali historia, nalo haliwezi kujibiwa kwa mkato. Uchoraji wa mandhari nchini Kenya una harufu ya mlowezi. Kitabu cha Elspeth Huxley cha mwaka 1959 kilichoifanya Thika ijulikane ng'ambo kwa miti yake ya maua ya moto kilitazama nchi hiyo kwa jicho la familia iliyofika kupanda kahawa, na picha nyingi za aina hiyo zilionyesha ardhi pana, nzuri, na tupu, kana kwamba haikuwa na wenyewe. Utupu huo ulikuwa na kazi ya kisiasa. Nakubali yote hayo, ila nakataa kwamba dawa yake ni kuacha kuchora ardhi. Sam Ntiro aliyetoka Uchagani alichora nchi yake ikiwa imejaa watu na shughuli. Picha yake ya mwaka 1956 ya wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku imo katika Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York. Mwishoni mwa miaka hiyohiyo ya 1950, Elimo Njau alichora maisha ya Yesu kwenye kuta za kanisa la Murang'a, mji uliokuwa ukiitwa Fort Hall, na mandhari aliyoyaweka yalikuwa ya matuta na watu wa Gikuyu. Si mwendo mrefu kutoka Thika. Hao wawili hawakuwa wachoraji wa impresioni, wala sitawalazimisha wawe. Ninachochukua kwao ni kwamba mandhari hurudi kwa wenyewe pale mchoraji anapoyachora kama mahali pa kazi.

Na mkono unaoonekana si mgeni katika kaunti hii ya Kiambu. Ngecha, upande wa Limuru, imetoa kizazi cha wachoraji ambao brashi yao haina haya. Sane Wadu aliacha ualimu katika miaka ya 1980 akaanza kuchora kwa mapigo yenye haraka na rangi zinazogongana. Mwenzake Wanyu aliliweka neno Brush katika jina lake la kisanii. Rosemary Karuga, aliyesoma Makerere mwanzoni mwa miaka ya 1950, alijenga picha zake kwa vipande vya karatasi za sabuni na pakiti za unga, kila kipande kikiwa doa la rangi linalotegemea jirani yake. Alifika kwenye kanuni ya Chevreul kwa njia ya dukani.

Wapo pia wanunuzi wanaolalamika kwamba picha ya namna hii haijaisha, na wanaouliza kuna haja gani ilhali kila simu ina kamera. Hao wa mwanzo wasogee nyuma hatua tatu. Hao wa pili wana hoja nusu: simu itaonyesha kwamba kulikuwa na ghorofa na mkahawa, tena kwa usahihi kuliko brashi. Lakini simu huweka kila kitu katika tabaka moja, kwa sekunde moja, na eneo hili limejengwa kwa matabaka. Fourteen Falls ni mfano mzuri. Mto Athi ukifika pale umebeba taka za Nairobi, na chini ya maporomoko mara nyingi hukusanyika povu. Kwenye picha ya simu povu hilo ni jeupe, karibu zuri. Mchoraji anayelitafuta kwa rangi atagundua kwamba jeupe halipo. Kuna kijivu, kuna manjano ya chai iliyolala, kuna zambarau ya sabuni, na chini ya yote udongo ambao maji yameusomba. Akizipiga rangi hizo moja baada ya nyingine bila kuzifuta, atakuwa amechora maji na pia yaliyoyapata maji.

Swali la mwisho la kiufundi ni wapi andakoti iachwe wazi kabisa. Katika shamba la mananasi, kati ya mistari. Katika kahawa, kwenye mguu wa mti. Katika Ruiru ya leo jibu linapatikana kwa kutazama maghorofa yenyewe, yale meupe na ya rangi ya krimu yaliyopakwa juzi tu. Matone ya mvua hupiga udongo ulio wazi kando ya ukuta, udongo hurukia juu, na baada ya msimu mmoja kila jengo huwa na mshipi mwekundu unaofika magotini, mzito chini na unaofifia kadiri unavyopanda. Mshipi huo usipakwe. Weupe wa ukuta ushushwe kwa brashi kavu hadi karibu na chini, kisha brashi iinuliwe.